Sura ya Masele Mlangoni Kwangu

Jumatano, saa kumi na moja jioni. Jua kali tangu asubuhi, na upepo wa vumbi.

Daftari, leo sikuandikii vipimo vya mtu. Nimekugeuza nyuma, kwenye kurasa ninakoweka mambo yangu, kwa sababu nisipoyaandika haya leo, kesho nitaanza kuyapunguza. Najijua.

Leo asubuhi wamempiga Masele mbele ya mlango wangu. Wamempiga kwa ajili ya picha niliyoichora mimi.

Kijiji kizima kinajua kwamba Kabula wa cherehani anachora. Ilianza kama mchezo tu. Kaka yangu aliporudi kutoka jeshini alileta gazeti la picha, ndani yake kuna shujaa wa koti jeusi anayewatandika majambazi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nililisoma mpaka likaachana. Nikaanza kumnakili yule shujaa kwenye karatasi za khaki ninazochorea mitindo kabla ya kukata kitambaa. Koti lake kwa mkaa, anga kwa bluu ya kufulia, na damu kwa wino mwekundu ninaopewa na mwalimu mmoja mteja wangu. Sabuni haipatikani, sukari ni ya foleni, lakini wino mwekundu haujawahi kunipungukia.

Kila Alhamisi, siku ya mnada wa ng'ombe, nilimbandika mlangoni. Baadaye nikachoka kunakili, nikamleta huku kwetu. Nikamvalisha makatambuga, nikampandisha baiskeli, nikamfungia robota la pamba nyuma. Watu walicheka hadi wakashika matumbo. Halafu akina mama wakaanza kulalamika. Shujaa gani huyu, wiki ya tatu hajampiga mtu? Walitaka ngumi.

Nami napenda kuchora ngumi kuliko kitu chochote, lazima nikiri. Vidole vinavyojikunja, shavu linavyobonyea, jino linavyoruka hewani na vimstari vyake. Sasa ngumi inahitaji mtu wa kupigwa.

Ndipo nikamzua Kwato, mwizi wa ng'ombe anayewafunga ng'ombe matambara miguuni ili wasiache nyayo. Na Kwato nikampa sura ya Masele.

Masele alikuwa mume wangu kwa miaka minne. Alining'oa jino la mbele kwa ngumi kwa sababu ugali ulichelewa. Baba yangu akarudisha ng'ombe wa mahari, nikarudi na cherehani yangu kichwani, na wazee wakasema yamekwisha. Kwangu hayakuisha. Mpaka leo nikicheka mbele ya mteja naziba mdomo kwa kiganja.

Kwa hiyo nilimchora alivyo. Pua pana, nyusi ya kushoto iliyokatwa na kovu, sikio moja limesimama kuliko jingine. Kila Alhamisi shujaa wangu alimng'oa jino. Watu walimtambua mara moja. Akipita mnadani wanamwita, "Kwato, leo umeswaga wangapi?" Yeye anakaza uso, anapita. Siku moja alikuja hapa kuniomba niitoe ile picha. Nikamwambia hiyo ni katuni tu, kama ameona pua yake humo basi hiyo ni shauri yake. Alipoondoka nilicheka peke yangu, mkono mdomoni.

Alhamisi iliyopita nilihitaji mahali pa Kwato kuficha ng'ombe. Nikachora machimbo ya zamani nyuma ya kilima, yale ambako wazungu walichimba dhahabu zamani wakaacha mashimo wazi na gurudumu kubwa la chuma lenye kutu. Utotoni nilikuwa naokota kuni kule. Nalijua lile gurudumu, naweza kulichora nimefumba macho. Hiyo ndiyo sababu yangu, hakuna nyingine.

Juzi ng'ombe kumi na wawili wa mdogo wake mzee Maduhu wakaibiwa. Jana wakakutwa kule kule machimboni, karibu na lile gurudumu, mmoja ametumbukia shimoni na kuvunjika miguu ya mbele. Wezi walikuwa wamekwisha kukimbia.

Mzee Maduhu ndiye mkuu wa walinzi wa kijiji, wale vijana wa pinde na fimbo wanaofuata nyayo za mifugo tangu wizi uliposhamiri. Mtu mwenye akili angesema kwamba hata watoto wanayajua machimbo, hivyo mwizi na mchoraji wote wawili wangeyafikiria. Lakini huku kwetu mtu anayeona kilichofichwa ni mfumu, na mfumu habishiwi. Mwingine huona kwenye matumbo ya kuku. Wao wakakubaliana kwamba mimi naona kwenye karatasi. Na kama gurudumu lilikuwa la kweli, basi na sura ni ya kweli.

Saa mbili asubuhi walifika kwangu wanane, na Masele katikati amefungwa mikono kwa kamba ya katani. Wakamsimamisha kando ya karatasi iliyokuwa bado mlangoni, uso kwa uso na Kwato. Wakatazama huku na kule. Mzee Maduhu, ambaye kwa kawaida hunitupia suruali zake bila hata salamu, alinivulia kofia, akanisalimu kwa Kisukuma kama mwanawe.

"Mwangaluka, ng'wanawane."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetusaidia sana. Ni huyu?"

Nilikuwa na pini nne mdomoni, nilikuwa napindisha upindo wa gauni. Ningeweza kuzitema. Ilikuwa kazi ya sekunde moja. Nilimtazama Masele, naye akanitazama, na nikaona anaogopa. Miaka minne sikuwahi kumwona akiogopa.

Sikuzitema.

Wakachukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo. Fimbo ya kwanza ilimpata mgongoni, chini ya shingo.

Nilifurahi.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisikia joto tumboni, kama mtu aliyekunywa uji baada ya kushinda na njaa. Ya pili nayo niliifurahia. Ya tatu ilimpata mdomoni, naye akapiga magoti, na hapo kitu kikaanza kwenda mrama ndani yangu.

Jino lake halikuruka. Siku zote nimechora meno yanaruka. La Masele lilitoka polepole na mate na damu nzito, likanasa kwenye kifungo cha shati lake na kubaki hapo. Damu yenyewe haikuwa na rangi ya wino wa mwalimu, ilikuwa nyeusi zaidi na ilichanganyika na vumbi haraka. Nilisikia pumzi ikimtoka kila walipompiga mbavuni. Kijana mmoja mwenye mikono mirefu alikanyaga vidole vya Masele kwa kisigino, akazungusha, nami nikasikia vinavunjika. Katika gazeti la picha hakuna sauti ile. Mwingine alikuwa anapiga huku anatazama karatasi yangu, anatafuta mahali ambapo shujaa alipiga, apige hapo hapo.

Kisha akaja mama yake Masele mbio, bila kanga begani, akajilaza juu ya mwanawe.

Huyu mama nina deni lake la maisha. Enzi zangu pale kwao alinificha nyuma ya kihenge cha mtama sijui mara ngapi, akimdanganya mwanawe kwamba nimekwenda kisimani. Fimbo iliyokuwa imekwisha kuinuliwa ilishuka. Ilimpata begani. Hakulia, aliguna tu na kumkumbatia zaidi, nao wakainua tena.

Hapo nikazitema pini.

"Siyo yeye! Acheni, siyo yeye! Nilimchora kwa chuki tu! Alining'oa jino, hakuna kingine!"

Nikafungua mdomo kuwaonyesha pengo. Sijawahi kumwonyesha mtu pengo langu kwa hiari. Fimbo zikasimama.

Mzee Maduhu alivaa kofia yake taratibu. "Na machimbo? Nayo yalikung'oa jino?"

"Nilibuni tu, baba."

"Mfumu habuni. Anaona. Sasa kama wewe huoni, ulijuaje ng'ombe watalala wapi?" Akasubiri. "Anayejua maficho bila kuona ni mmoja wa walioficha. Sikiliza, Kabula. Kesho mnada ukianza nataka nikute hapo mlangoni sura ya mwizi wa kweli. Nisipoikuta, nitajua ni nani."

Wakaondoka. Masele walimwacha chini na kamba yake. Mama yake na mimi tuliikata kwa mkasi wangu wa nguo, na tangu hapo mkasi una utelezi ambao hautoki.

Basi mambo yako hivi, Daftari. Kesho asubuhi nimpe mzee Maduhu pua ya mtu. Pua yoyote nitakayochora, itavunjwa.

Na usidhani nilikataa moja kwa moja. Nilifunga mlango, nikachukua karatasi, nikaanza kuwapitia watu kichwani. Nikamkumbuka mchimbaji mmoja kutoka mbali aliyepanga upande wa Kharumwa, mtu asiye na ndugu huku, mlevi, hakuna atakayemlilia. Nilikwisha kuchora taya yake. Nilikwisha kuchora nusu ya pua. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Nikaisukuma ile karatasi kwenye pasi ya mkaa, nikakaa naitazama inavyoungua.

Halafu nikakufungua wewe, upande wa mbele.

Wote wanane wamo. Nimewashonea wote. Mzee Maduhu, kiuno thelathini na sita, bega la kulia limeshuka. Yule kijana wa kisigino, mikono mirefu kupita kawaida, ndiyo maana kila shati linamfika kwenye viwiko. Aliyekuwa anatazama karatasi ana shingo fupi na kifua kipana. Nikaanza kuchora nilichokiona. Visanduku vinane, bila shujaa wala koti jeusi. Ni wao walivyo, na mtu aliyefungwa mikono. Jino nimelichora likining'inia kwenye kifungo. Vidole nimevichora chini ya kisigino. Mama Masele nimemchora na fimbo ikiwa imefika begani. Wino mwekundu sikuugusa, nimetumia mkaa mtupu.

Kisanduku cha mwisho ni mimi. Nimesimama mlangoni, pini mdomoni, na pembe ya mdomo imepanda juu. Natabasamu. Kwa sababu nilitabasamu.

Saa tisa niliikunja nikaenda nayo kwa Mama Masele. Nilitaka wao waione kwanza.

"Shikamoo, mayu," nikamsalimu, kwani mpaka leo namwita mama.

"Marahaba, ng'wanawane. Pita."

Bega lake limevimba, anapika kwa mkono mmoja. Masele amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, jicho moja limeziba, vidole vimefungwa kwa vijiti na matambara. Niliitandaza karatasi mbele yake. Aliitazama kwa jicho lililobaki, kisanduku baada ya kisanduku.

"Leo pua umeipata," akasema. Maneno yalimtoka kwa shida, na mluzi mdogo kwenye pengo jipya. Naujua huo mluzi. Wangu ulichukua miezi miwili kuisha.

Alipofika kisanduku cha mwisho akainua uso, akanitazama.

"Ulikuwa unacheka?"

"Ndiyo."

Nilidhani atanitukana, na angekuwa na haki. Akageuza uso ukutani.

"Mimi nami nilicheka," akasema. "Siku ile ya jino lako. Nilipofika kilabuni niliwasimulia watu, tukacheka wote."

Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Sijui kama hayo ni mambo ya kuombana. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa nyumba ile kulitaja jino langu mbele yangu. Nikatazama moto.

Mama Masele alikuwa ameinama juu ya karatasi. Alilowesha kidole gumba kwa mate akakipeleka kwenye mdomo wangu wa mkaa, pale kwenye kisanduku cha mwisho.

"Hiki kitabasamu tukifute," akasema. "Wakiiona hii watakupiga tu, ng'wanawane, lakini angalau wasione ulifurahi."

Nikamshika mkono kabla hajagusa.

"Kiache, mayu. Nikikifuta hicho, itabidi nifute na fimbo zao."

Aliutazama mkono wangu uliomshika, kisha akakikausha kidole chake kwenye kanga.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo bila kujipamba. Nimeshaona kwa macho yangu wanavyopiga, najua wanaanzia mgongoni na wanamalizia wapi. Kaka yangu ananishauri nipande lori la pamba nikimbilie Kahama, nikajifiche kwa shangazi pale Nyasubi. Lakini nikiondoka watasema mwizi amejionyesha, na mtu watakayembana baada yangu ni Masele, na juu ya Masele atalala mama yake tena.

Karatasi iko mezani, nimeikandamiza na pasi isikunjike. Misumari minne nimeitenga. Kesho kabla ya ng'ombe wa kwanza kuingia mnadani nitaibandika, nitaacha mlango wazi, na nitakaa kwenye cherehani nimalize suruali ya mzee Maduhu, kiuno thelathini na sita, kwa sababu nilimwambia Alhamisi itakuwa tayari.