Mtu Mwenye Picha ya Mtoto

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo wako umepunguza ukorofi. Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni utayasoma. Ila kabla hujaendelea, ili ujue ni mimi na si yule mwizi anayejipa sura yangu kwenye simu, nakukumbusha siku uliyonipeleka kupigwa picha nikakataa katakata kuvaa kiatu cha kushoto. Ulinivuta sikio mpaka likawaka moto, mpiga picha akachoka kusubiri, akanipiga hivyo hivyo, mguu mmoja na kiatu, mwingine peku. Hakuna mwizi anayelijua hilo.

Mumeo yu hai. Nimelitanguliza ili usisome ukiwa umeshika kifua. Yuko hospitali, kitanda cha dirishani. Kichwa kimeshonwa, jicho moja limefumba kwa uvimbe, mbavu zimevunjika, na mkono wa kulia pia. Daktari anasema ataishi. Nilipomuuliza kuhusu mkono alitazama pembeni, na wewe unajua fundi viatu bila mkono wa kulia ni nini.

Najua ulimtuma wewe, amenieleza mwenyewe. Mwizi alikuandikia kwa jina langu kwamba nimelazwa, nataka hela za upasuaji. Mlango wa kuingia kwenye akaunti yangu nilimfungulia mimi. Ulikuja ujumbe kutoka kwa fundi rangi wa gereji yetu, eti namba zake za siri zimeingia kwangu kwa bahati mbaya, nimrudishie. Nikamrudishia bila hata kugeuza shingo, na fundi rangi mwenyewe alikuwa nyuma yangu pale pale, anapiga msasa bampa. Kumbe naye alikuwa ameibiwa akaunti tangu asubuhi.

Wewe hukutuma hata senti. Ulinipigia, na mimi sikupokea, kama nisivyopokea tangu uolewe na huyu niliyekuwa nikimwita Bwana Soli mbele za watu, bila kumwona hata mara moja. Ndipo mkaamua aje kwa miguu yake, aone kwa macho yake. Simu yake ya vitufe haina picha, ukamtolea ile picha yangu ya ukutani. Ulifanya sawa, Mama. Ila hukujua kwamba huku hakuna anayelijua jina ulilonipa. Huku mimi ni Nyundo, kwa sababu ya kunyoosha bodi za magari.

Sasa sikia mtaa wetu ulivyokuwa. Kwenye kundi la mtaa kulikuwa kunazunguka ujumbe wa sauti, mwanamke analia, anasema kuna mwanamume mwenye koti anapita na picha za watoto akiuliza wanakaa wapi, na kwamba wawili wameshaokotwa mtaroni hawana macho. Watoto gani, wa nani, hakuna aliyeuliza. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: fundi rangi peke yake ndiye aliyetaka kujua huyo mama ni nani na analilia wapi. Tulimcheka. Tukamwambia asubiri mwanawe achinjwe, ndipo aombe kitambulisho. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mchana tukasikia kelele bombani. Mumeo alikuwa amewaonyesha watoto waliotoka shule ile picha, akiwauliza kama wanamjua huyu. Mama mmoja akapiga ukunga kwamba ndiye huyo, koti analo, picha anayo. Mtaa mzima ukamwagika, na sisi wa gereji tukatoka na vilivyokuwa mikononi. Koti walilichana likiwa mwilini. Muuza mkaa alimpasua kichwa kwa jiwe, akaanguka, akainuka, akasema anamtafuta mtoto wake. Angesema lolote jingine, Mama. Watu walisikia neno mtoto tu, wakapandwa na wazimu. Walimpiga mateke mbavuni mpaka nikasikia kitu kikikatika kama ubao. Mwanamke anayeniuzia nyanya, mpole kuliko wote mtaani, alivua kiatu akampiga mdomoni kwa kisigino. Mmoja akaja anavingirisha tairi. Mwingine akauliza petroli, na petroli gereji haikosekani.

Hakujikinga. Mkono aliuinua juu, kuishika picha isikanyagwe. Mkono huo ukapigwa kwa spana ya magurudumu, ukapinda pasipo kiungo. Picha ikadondokea miguuni pangu, na hapo nikaona mtoto amenuna, mguu mmoja na kiatu, mwingine peku.

Nilimlalia. Wakanipiga na mimi, sikusikia kitu. Fundi rangi akalipiga teke galoni la petroli na kuwapigia kelele kwamba huyo ni Nyundo, jamani, huyo ni Nyundo, mpaka wakapoa mmoja mmoja, wakaanza kutazama viatu vyao.

Sasa lile lile kundi linazungusha habari nyingine: Nyundo amemwokoa baba yake. Wameweka na sura yangu. Itakufikia, maana hizo hazichoki kutembea. Polisi nao waliuliza ni nani aliyemvunja mkono, mumeo akasema hakumwona, alichokiona ni mwanawe kumlalia. Alisema neno hilo hilo, “mwanangu.”

Usiiamini habari hiyo, Mama. Spana ilikuwa yangu. Na aliniona. Tulitazamana kabla sijaishusha, na nadhani alinitambua, kwa sababu kwa mdomo ule uliopasuka alikuwa ameanza kutabasamu.

Anayekuletea barua hii ni fundi rangi mwenyewe. Muulize lolote, kisha njoo naye. Picha iko chini ya mto wa mumeo, ina damu usoni pangu, na hataki muuguzi aifute. Mimi hutanikuta hapo kitandani. Nikishamkabidhi barua nakwenda kituo cha polisi kuwaambia haya haya, kabla sijazoea kuitwa mwokozi.

Wasalimie majirani wote, na mgongo usiubebeshe mizigo. Mwambie mumeo, maana mimi nimejaribu na sauti haitoki, kwamba nimemwamkia.

Ni mimi mwanao,
wa kiatu kimoja