Kipande cha Tatu

Jomvu Kuu,
Jumapili, baada ya alasiri.

Kwa dadangu Salha,

Shikamoo dada. Nakuombea barua hii ikukute mzima huko Maskati, na lile goti liwe limepoa. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Zuleikha wangu ameshahamia kwa mumewe na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa maswali, nami ningedanganya. Nishadanganya vya kutosha.

Mwezi uliopita uliniambia sasa moyo umetulia, uko tayari kuyasikiliza maneno aliyokurekodia Mama kabla ya kufariki. Miaka mitatu ulikuwa ukisema bado. Siku ile ile nikamwendea Abdulaziz, mwana wa ami, bila wasiwasi wowote.

Unakumbuka mpango wake: nyumba tano zilizojitolea, kila moja na kikompyuta chake kinachowaka mchana na usiku. Kitu cha mtu hufungwa kwa ufunguo wa siri, kikakatwa vipande vitano, kila nyumba ikatunza kimoja bila kuweza kukisoma. Vipande vitatu vikikutana, kitu kizima hurudi. Ndiko tulikoiweka sauti ya Mama, na bora tulifanya hivyo, maana simu niliyomrekodia iliingia maji. Abdulaziz alituapisha kwamba hii ni amana, tusiizime wala tusiiguse. Nami nikaapa, kwa mdomo huu huu.

Basi alizunguka siku mbili, akarudi amenyong'onyea. Cha Velma wa Magongo kiliungua umeme uliporudi kwa nguvu. Kiponda alihama Kiembeni, chake kikapotelea kwenye mizigo. Hakuna aliyesema, kila mmoja alijua wengine wapo. Vilivyobaki ni cha Luqman na chake mwenyewe Abdulaziz. Viwili tu. Akaniuliza changu, nikamwambia nacho kimekufa chenyewe. Akainamisha kichwa, akaniambia pole. Wallahi, dada, ile pole ilinichoma.

Hakikufa. Nilikifuta kwa mkono wangu. Video ya harusi ya Zuleikha haikuwa ikienea popote, kila mahali pamejaa. Nikafungua kile chombo, nikaona mafaili yenye majina yasiyosomeka, nikasema aa, haya ni makorokoro ya watu, na watu wana nyumba nyingine nne. Kumbe katika makorokoro hayo alikuwamo Mama. Leo nina saa sita za watu wakila biriani, na sauti ya mamangu sina.

Najua utauliza alisema nini. Sijui, Salha. Aliniambia nibonyeze kisha nitoke, maneno ni yako peke yako. Nikaona wivu, mimi niliyekuwa nikimuosha. Nikasimama nyuma ya pazia. Sikupata hata neno moja, ila nilimsikia akicheka. Alikuwa hajacheka tangu aanze kuugua. Kwako alicheka.

Kesho nitamwambia Abdulaziz kweli. Wewe nimekwambia kwanza kwa sababu haki ni yako. Nikasirikie utakavyo, nitukane ukitaka, ila usininyamazie. Sauti ya pili sitaki kuikosa.

Zuleikha anakuamkia, na mtaa mzima unakusalimu.

Nduguyo mkosefu,
Mwanasaumu