Pikipiki Iliyolala Stoo kwa Mama

Jumatatu, 20 Aprili 2020

Nilipoteza kazi Jumatano tarehe 25 mwezi uliopita, saa nne asubuhi. Niandike hivyo hivyo, nisiipake sukari. Miaka saba kwa shamba la maua Timau, kwa baridi ile, nikihesabu maua yakiingia kwa maboksi. Halafu korona ikaja, ndege zikaacha kuruka, maua yakatupiwa ng'ombe, na sisi tukaambiwa tutaitwa. Tutaitwa! Nimengoja simu mpaka nimechoka. Leo nimefunga virago nikarudi nyumbani Manyatta.

Lakini sikurudi kuomba. Nina pikipiki. Niliinunua mwenyewe, sikuchangiwa na mtu. Desemba 2018 niliileta hapa nikaifungia kwa stoo ya Mama, kwa sababu Timau pikipiki zilikuwa zikiibwa kila wiki. Nyumbani ni salama, nikasema.

Na kazi iko. Mwirigi, yule msimamizi wa tangi la maziwa, anatafuta mtu wa kuzoa maziwa ya wakulima wa huku juu. Lita 140 kila asubuhi, kilomita 18 kwenda na kurudi. Ameniambia nifike Jumatatu ijayo saa mbili, nikiwa nimepanda. "Kama haingurumi, usije." Kuna wengine wanne wanaitaka.

Nimefungua stoo. Vumbi, magunia ya maharagwe, kuku amelalia kiti. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena mpaka goti likalia. Kimya!

Jumanne, 21 Aprili

"Petroli imelala, siz." Huyo ni Njeru, kitinda mimba wetu. Yeye ni bodaboda hapa stage. "Mwaka na nusu? Hayo sasa ni maji."

Mwaka na miezi minne, nikamrekebisha. Nimemwaga yote. Inanuka kama rangi kuukuu.

Akanipakia mpaka Embu mjini nikanunua plagi na petroli. Pikipiki yake ni aina moja na yangu, alichukua hiyo baada ya kuona yangu haisumbui. Na inaenda! Ule mlima wa kurudi iliupanda bila kulalamika. Nikamsifu. Hakunijibu njia nzima, nikadhani ni upepo. Nikamwekea mafuta.

Plagi mpya inatoa moto, nimeona kwa macho yangu. Injini — hakuna.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimeisukuma mpaka kwa fundi Runji. Barakoa inanifunga pumzi, jasho mpaka kwa viatu. Vijana wa stage wakapata sinema ya bure.

"Madam, hiyo iombewe!"

"Iombewe wapi na kanisa zimefungwa?"

Wakacheka. Hata mimi ningecheka kama ingekuwa ya mtu mwingine.

Runji akafungua kabureta. Uchafu wa kijani, kama ule wa mtungi. Akaosha, akapuliza vitundu, akarudisha, akaahidi itaamka mpaka niikimbie. Haikuamka. Nikamwambia kitu ambacho kimenisumbua tangu Jumatatu: kiki ni laini. Mguu unazama tu kama kwenye tope. Injini nzima husukuma mguu.

Akasema ring za pistoni zimekwama kwa kulala. Akamimina oili kidogo kwa tundu la plagi, tuiache mpaka kesho.

"Ilale tena?"

"Imelala mwaka, Mukami. Usiku mmoja ndio utakuuma?"

Ijumaa, 24 Aprili

Imekohoa mara moja. Moshi mwingi. Ikazima.

Njeru alipita na mteja, akapiga honi, hakusimama. Runji anataka kuifungua kesho aone ndani.

Mama anauliza mbona nisimwachie Njeru aiuze skrepa, nipumzike. Skrepa!

Jumamosi, 25 Aprili

Nitaandika yote, hatua kwa hatua.

Runji alinipa brashi nioshe injini kwa nje kabla haijafunguliwa, mchanga usiingie. Matope na oili zimeshikana kama saruji. Nikaosha upande wa kulia, nikaja wa kushoto, yale mapezi ya kupoza injini. Nikafika ya chini. Nikapitisha kidole. Nikaosha tena. Yote mazima.

Hayawezi kuwa mazima! 2017 nilianguka Timau na kreti nyuma, jiwe likavunja mapezi mawili hapo hapo, kushoto, chini. Mimi nilibaki na kovu, injini ikabaki na pengo. Injini haioti pezi lingine.

Nikamwita Runji. Akaangalia, akajipangusa mikono kwa muda. Akasema yeye hakuifunga hiyo, na asitiwe kwa mambo ya boma la watu. Lakini mwaka jana injini ya Njeru ilikwisha, akamwambia atafute nyingine. Wiki iliyofuata akamsikia akipita, inalia vizuri. Hakuuliza ametoa wapi. Mteja haulizwi.

Nikaenda stage. Njeru alikuwa kwa kibanda anakunywa chai. Nikainama kwa pikipiki yake. Kushoto, chini. Mapezi mawili hayapo.

Wiki nzima nauguza maiti ya injini ya Njeru! Na Jumanne nilibebwa na injini yangu mwenyewe, nikaisifu, nikaiwekea mafuta. Na yeye mbele yangu, hageuki nyuma, baada ya kuniambia petroli imelala.

Sikupiga kelele. Vijana walikuwa wengi. Nikamwambia tuongee nyumbani.

Stoo haikuvunjwa. Kufuli ni ile yangu. Ufunguo wa pili nilimwachia Mama.

Jumapili, 26 Aprili

Jana Njeru hakuja. Leo amekuja kafyu ikikaribia, akaingiza pikipiki jikoni kwa Mama ilale humo, kama kawaida yake. Hajakataa. Hata hilo limeniuma.

"Siz, ilikuwa inaoza pale. Wewe ulikuwa na mshahara. Mimi nina watoto watatu."

Kwa nini hukuniambia?

"Ningekwambia, ungekubali?"

Nisingekubali. Ndiyo maana nauliza.

Nikawaeleza mpango. Kafyu inaisha saa kumi na moja, Runji atafika hapo hapo. Kubadilisha injini mbili ni kazi ya saa mbili na nusu. Saa moja na nusu niko barabarani, saa mbili niko kwa Mwirigi. Hesabu inaingia, haina dakika za kubishana. Nikasema pia watoto wa Njeru nitawapa maziwa mpaka apate injini, sitawaacha wakae njaa. Bure. Nilisema hivyo.

Njeru akatoka, akaenda kwake.

Mama ndiye alijibu. Akasema kama ningeolewa, ningeiacha hapa na vitu vingine vyote na hakuna mtu angeulizwa. Kisha akainuka kwa kile kigoda chake, akapanda pikipiki ya Njeru. Amekaa upande kama abiria, shuka begani, miguu haifiki chini. "Ukitaka kuifungua, unifungue pamoja nayo." Ameniagiza chai.

Nimempa chai. Amekunywa akiwa juu.

Nimesimama mbele yake na spana nikamwambia, na naandika hapa ili kesho nisiambiwe sikusema: Mama, sikuulizi kuhusu watoto wa Njeru. Sikuulizi kuhusu kuolewa. Nauliza injini hii uliyokalia ni yangu ama si yangu. Neno moja tu. Runji akigonga mlango saa kumi na moja, nataka uwe umelisema.