Kosa la Mpimaji

Mwalimu Mwakio,

Nimerudi jana kutoka Sagalla kwenye matanga yako, na hasira yangu nimerudi nayo. Nakuandikia nikiwa nayo hivyo hivyo.

Unaikumbuka Ijumaa ile ya mwaka jana, kwenye maabara yetu hapa Voi? Tulikuwa tumemaliza maini ya ng'ombe kutoka machinjioni, yenye afya na yaliyokakamaa kwa ugonjwa, tukipima jinsi kila moja linavyoyatawanya mawimbi ya ile mashine ya altrasaundi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ini zima hurudisha mwangwi kwa namna yake, na ini gonjwa kwa namna nyingine. Tukabaki tunahitaji mtu mwenye afya wa kulinganishia. Ukavua shati, ukapanda mezani, ukanitania, "Haya Wakesho, pima ng'ombe wa mwisho."

Nikapima. Mwangwi ukarudi kama wa yale yaliyokakamaa.

"Maji yako yana viputo," ukasema. Nikachemsha upya maji ya kujaribia mashine, nikayapoza, nikapika upya na ile jeli yetu ya kutia unga laini, inayoiga nyama ya mwili. Mashine ilikuwa sawa. Nikakupima tena, vile vile. Ukachukua kalamu, ukakata namba yangu, ukaandika pembeni: kosa la mpimaji.

Mpimaji ni mimi, Mwalimu! Mwaka mzima nimeishi na maneno hayo. Kitu kimoja nakipima mara tano, halafu nampa mwenzangu arudie. Uliniona, ukaniacha niendelee.

Jana mkeo, Mama Mghoi, alinipa karatasi. Ni namba yangu ile ile, kwa mwandiko wako, na tarehe ya Ijumaa ile. Akaniambia, "Hii ndiyo aliyompelekea daktari Mombasa Jumatatu yake. Alimwambia, msichana wangu hakosei."

Kwa hiyo daktari alijua. Mkeo alijua. Mimi niliyekupima kwa mikono yangu ndiye uliyenidanganya, ukaninyima hata kukuaga. Uliogopa nitalia? Ningelia, ndiyo, kisha ningekupikia chai.

Leo asubuhi nimefungua daftari, nikakata maneno yako. Namba nimeirudisha, na jina lako nimeliandika mbele yake.

Lala salama, Mwalimu. Sijakusamehe bado. Lakini yeyote atakayelala kwenye meza ile nitamwambia nilichokipata, nikimtazama usoni, hata kama nampenda kama nilivyokupenda wewe.

Wakesho