Waliopumzishwa

Shuleni, juu ya Kimandolu,
Arusha.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa dada yangu mpendwa Tupokigwe,

Shikamoo, dada. Barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako miwili, na goti la Mama liwe limeacha kulalamika sasa mvua zimepungua huko Rungwe. Shemeji je? Bado anakohoa na bado hataki kuachana na kiko chake? Mwambie mimi nimemkumbuka, kiko sikukikumbuka. Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili, nawe unanijua, mengine utayasoma.

Barua yako ilifika ikiwa na vumbi la kila mahali basi liliposimama, tangu Iringa hadi Dodoma hadi huku. Niliinusa kabla ya kuifungua. Usicheke.

Mama ukimsomea, msomee hivi: mwanao anakula na kushiba. Wameru ni watu wa migomba na kahawa kama sisi, na jirani yangu hunipa loshoro, mahindi yaliyopikwa na kuchanganywa na maziwa mgando. Mwanzo nililila kwa adabu, siku hizi nalila kwa tamaa. Baridi ya mwezi huu ni ndugu yake baridi ya kwetu, na asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni. Koti alilonishonea halinitoki mwilini. Ukifika hapa, dada, kunja karatasi, umwambie Mama barua imekwisha, uende nayo shambani usome peke yako.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwa majivuno kwamba nimepewa bendi ya shule. Tarumbeta kumi na moja, ngoma mbili, na wavulana kumi na watatu ambao hawakuwa wanajua hata kushika mdomo wa tarumbeta. Sasa mgeni mkubwa wa serikali anakuja kutoka Dar es Salaam, na Hedimasta wetu, Mzungu mwenye haraka, anataka apokewe kwa muziki. Shule ilipofungwa kwa likizo, bendi ilibakizwa. Wanaotoka mbali wanalala bwenini, wa karibu wanalala kwao.

Hedimasta alinipa kanuni za bendi kwa Kiingereza, nizigeuze Kiswahili, zipigiliwe misumari kwenye mlango wa chumba cha tarumbeta. Zilikuwa kumi na mbili. Kunawa mikono na kusukutua kabla ya kushika chombo. Kutomwazima mwenzako mdomo wa tarumbeta yako. Kusimama wima, kutopiga piga mguu chini kama unakanyaga udongo wa matofali. Kutopuliza pale wimbo unapopumzika, hata kama pumzi inakuwasha. Kutotoa chombo nje bila ruhusa ya Mwalimu. Nilizigeuza zote kwa raha, maana unajua ninavyojipenda kwenye Kiswahili.

Ya kumi na moja ndiyo iliyonishinda. Mzungu alitaka kwamba atakayekosa mazoezi mara tatu aondolewe mpaka ajirekebishe. Nikaona "atafukuzwa" ni neno la kumpigia mbwa. Nikatafuta neno laini. Kwetu kanisani mzee akiondolewa zamu husemwa amepumzishwa, wala hakuna anayelia. Nikaandika: Atakayekosa mazoezi mara tatu atapumzishwa, naye atarudi siku atakapoweza wimbo wote bila kosa. Nikajisifu moyoni. Sikujiuliza watu wa huku wamelisikia wapi neno hilo. Kiswahili kwao ni cha kujifunza, na neno kupumzika wamelisikia zaidi makaburini.

Sasa nikujulishe Anaeli. Ni mvulana mwembamba, ana miaka kumi na minne au mitano, analelewa na bibi yake mzaa baba, nyumba yao iko mlimani kupita mashamba ya kahawa. Hana kipaji kikubwa, lakini ni mtiifu mpaka anachosha. Ukimwambia asimame hapa, ukamsahau, utamkuta jioni amesimama hapo hapo. Nilimpa sehemu ndogo: katikati ya wimbo bendi yote inanyamaza, tunahesabu nne, kisha yeye peke yake anaingia. Kila mara aliingia kwenye tatu.

Mazoezi yetu ni kila Jumanne na Alhamisi. Akakosa Jumanne tatu.

"Mwalimu, Jumanne ndiyo zamu yetu ya mfereji," aliniambia. "Nisipofungua maji mimi, jirani anayageuzia kwake. Bibi hana nguvu za kugombana."

"Bendi nayo ina zamu," nikamjibu. "Au unafikiri mgeni wa serikali atapigiwa na mfereji?"

Wenzake wakacheka. Nikaandika jina lake kwenye karatasi yenye kichwa kikubwa cha wino mweusi, WALIOPUMZISHWA, na chini yake jina moja tu. Nakala moja nikabandika mlangoni, nyingine ikapelekwa kanisani ili wazazi wajue bendi haina mchezo. Hivyo ndivyo Hedimasta alivyotaka, na mimi sikukataa.

Alikuja siku ile ile, mikono nyuma.

"Mwalimu, nikiuweza wimbo wote, kweli nitarudi?"

"Kanuni inasema utarudi."

"Nijifunzie wapi?"

Dada, nilikuwa nafuta ubao, na wavulana wote walikuwa wananitazama wakingoja neno la kuchekesha. Nikasema, "Nenda popote nisipokusikia."

"Na tarumbeta?"

"Kwani utapigia kidole?"

Wakacheka mpaka wa ngoma akaangusha fimbo zake, nami nikapenda walivyocheka. Anaeli hakucheka. Aliinamisha kichwa mbele yangu, kama watoto wa huku wanavyowainamia wakubwa, ili nimguse utosini ndipo aondoke. Mikono yangu ilikuwa imejaa chaki. Nikamwambia, "Haya, nenda."

Kesho yake alfajiri tulimsikia nyuma ya migomba ya shule, anaingia kwenye tatu. Nilifungua dirisha nikapaza sauti, "Nakusikia!" Bweni zima likaangua kicheko. Siku iliyofuata sauti ilitoka kwenye mashamba ya kahawa. Siku mbili baadaye ilikuwa juu zaidi, ukingoni mwa msitu, nyembamba, inakuja na kupotea kwa upepo. Nikasema kijana ana bidii. Niliwaambia hata wenzake wamuige.

Siku ya nane, Alhamisi, ndipo bibi yake akaja. Tulikuwa katikati ya mazoezi, saa tisa alasiri. Alikuja na wanawake wanne wa jirani, kila mmoja amejifunga kitambaa cheusi, wawili wamebeba vibuyu vya maziwa na mmoja ndizi, kama wanavyokwenda kwa mfiwa. Akasimama mlangoni chini ya ile karatasi, akasema pole pole, Kiswahili chake cha kanisani:

"Mwalimu, sikuja kugombana. Nataka kujua mmemlaza wapi, na ni nani aliyemfumba macho."

Mtu alikuwa amemsomea karatasi ya kanisani asubuhi ile, baada ya maombi ya wanawake.

Nilicheka, dada. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti. "Hajafa, bibi! Amepumzishwa bendi tu, ni neno la bendi!" Zefania, kiranja wa bendi, akamfafanulia kwa Kimeru. Yule bibi akakaa kwenye ngazi, akalia machozi ya furaha, wenzake wakampiga mgongoni wakinitania kwamba Kiswahili changu kitaua watu. Maziwa yakamiminwa, nami nikapewa kibuyu cha kwanza. Ndipo akajifuta uso, akasema:

"Basi mwiteni. Nimwone nirudi, ukungu unashuka."

"Tumwite kutoka wapi?" nikauliza. "Si analala kwako?"

Alinitazama. "Nilijua analala kwenu, na bendi. Tangu Alhamisi iliyopita sijamwona."

Kibuyu kilikuwa mkononi mwangu, na sikujua nikiweke wapi.

Siku hiyo hiyo tulipanda, wanaume wa pale jirani, mimi, na wavulana wakubwa. Nilichukua tarumbeta yangu. Kwenye ukingo wa msitu nikapiga mlio wa kuita bendi, na dada, akaitika! Kutoka juu, mbali, noti zake zile zile. Tulipiga kelele za furaha, bibi yake huko chini akatusikia. Tukapanda. Nikapiga tena, akaitika, lakini kutoka mbali zaidi. Nikapiga mara ya tatu kwa nguvu zangu zote, na safari hii ilibidi tushike pumzi ndipo tumsikie. Kisha ukungu ukatufunika. Wazee wakaona nyayo mbichi za nyati, wakasema hawaendi hatua nyingine, na sikuwalaumu.

Kesho yake mrina asali alituonyesha mahali alipokuwa akilala, chini ya mti mkubwa ulioanguka. Majivu, maganda ya ndizi mbichi za kuchoma, na karatasi ya daftari imekandamizwa kwa jiwe isipeperuke. Alikuwa amenakili kanuni zote kumi na mbili kwa mwandiko wake mzuri. Chini ya ya kumi na mbili alikuwa ameongeza ya kumi na tatu: Nenda popote Mwalimu asipokusikia.

Niliisoma mara nyingi. Zefania akasoma juu ya bega langu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, akikusikia wewe, si anajua na wewe unamsikia?"

Tangu hapo sijashika tarumbeta. Kila nilipomwita nilikuwa namfukuza. Mimi, mwalimu wake, niliyekataa kuandika "atafukuzwa" kwa sababu ni neno baya.

Hedimasta ameandika barua bomani. Nimeisoma, maana mimi ndiye niliyeipeleka. Imetaja tarumbeta mara tatu na Anaeli mara moja, na neno lililotumika ni wizi. Nilimwambia kwamba ruhusa nilitoa mimi. Akaniuliza niliitoa kwa maneno gani. Nikamwambia maneno yenyewe, "Kwani utapigia kidole?" Akasema hayo si ruhusa, hayo ni mzaha, na mgeni anakuja Jumamosi ijayo. Na ni kweli, ulikuwa mzaha. Mtu mmoja tu hakujua hivyo.

Nilitaka kuibandua ile orodha mlangoni. Zefania akaniuliza tuandike nini badala yake. Nimeiacha.

Bibi yake hajarudi kwake. Amelala siku zote hizi jikoni kwa mpishi wa shule. Jirani amekwisha kugeuzia maji yao kwake, watu wakamwambia, naye akasema maji yaende. Jana aliniita. Nilidhani atanilaani, na nilikuwa nimejiandaa, maana ningelaaniwa ningepata mahali pa kuanzia. Alisema tu, "Kesho kutwa mtapanda tena. Pandeni kimya. Asiite mtu. Na wewe, mwalimu, hiyo pembe yako iache nyumbani." Kisha akaongeza, "Huyu mtoto tangu mdogo ukimtuma hageuki nyuma. Nilidhani ni tabia nzuri."

Naogopa, dada. Nakwambia wewe kwa sababu ulinilea, na ulikuwa ukinionya kwamba ulimi wangu utanitangulia mahali nisipotaka kwenda. Msitu ule una nyati na tembo, baridi yake usiku huvunja mifupa, na yeye ana kaptura na shati la shule. Kesho tutapanda watu kumi na watano, kimya. Kama boma litaniita baada ya hapo, nitakwenda. Usije huku, na usimtume shemeji.

Nisalimie Mama, umwambie koti linanitosha. Nisalimie mjomba fundi seremala, mwambie kile kiti chake bado nakikalia. Msalimie mwinjilisti wetu aliyenifundisha kupuliza tarumbeta nikiwa mdogo, umwombe aniombee, ila usimwambie kwa nini. Wanao wabusu. Yule mdogo anayeiga kila ninachosema, dada, nakuomba, mfundishe kuuliza mara mbili.

Leo alfajiri, kabla ya kengele ya kanisa, nilitoka nje nikawakuta wavulana wote wamesimama kwenye mstari bila kuitwa na mtu, mikono mitupu, nyuso zimeelekea mlimani. Nikasimama nao. Tulisikiliza mpaka jua likatoka. Hii ni siku ya tatu hatumsikii. Huenda ni ukungu, huenda ni upepo umegeuka. Lakini huko ndiko nilikomtuma, na Anaeli hajawahi kunikaidi.

Ni mimi mdogo wako, niombeeni,

Ambakisye