Kanga Mdomoni mwa Tuba

Nguvumali, Tanga

Mwanangu Siham,

Shikamoo yako imefika kutoka Maskati, marahaba. Sisi wazima, ila midomo yangu imevimba kwa kupuliza tuba, lile tarumbeta linalonizidi unene.

Jumamosi sisi wapiga tarumbeta watano tulipiga muziki wa kuchezwa katika ukumbi wa pale Usagara, mbele ya watu waliokaa vitini: rumba, waltzi, mwisho chakacha. Mwenye ukumbi akatangaza, "Jamani, leo ni kusikiliza tu, hakuna kucheza!" Uwaambie hivyo watu wa Usagara!

Mama yako, dada yangu huyu, nilimleta kwa kumbembeleza. Tangu tumzike baba yako hatoki nyumbani, na eda imekwisha zamani. Hilo ndilo linalotunyima usingizi, mimi na wewe.

Chakacha ilipoanza nikamwona anainuka, kiuno kinakwenda. Kaja kunitunza! Akatafuta bega langu aniwekee kanga. Bega limefunikwa na tuba. Basi akaitunza tuba, kanga ikazama mdomoni. Nikapuliza, ikatoka sauti ya ng'ombe mwenye mafua.

"We Uweso," akasema, "hata marehemu alikoroma vizuri kuliko hivyo!"

Akacheka hadi akashika mbavu. Ukumbi mzima ukainuka kucheza.

Uliandika kwamba unakuja kumchukua. Njoo, mwanangu, lakini tiketi yake usikate kwanza. Kanga nilikataa kuirudisha, nikamwambia aifuate mwenyewe mazoezini. Jana alifika kabla yangu, na kanga nyingine begani.

Mjomba wako asiyejua kupuliza,
Uweso