Marehemu Ndiye Aliyebaki

Justa, Yasinta wetu nusura afukuzwe kazi leo.

Yule Hironimus aliyezikwa majuzi, chama cha wakulima kilimwambia Yasinta amtoe kwenye orodha ya mbolea ya kompyuta. Akaiamuru ifute kila Hironimus. Maposeni hiyo, ambako ukizaliwa karibu na sikukuu ya Mtakatifu Hironimus jina ni hilo hilo!

Asubuhi kaja Hironimus mzima, mzee wa kigango cha kanisa, kuchukua mbolea. Mvua imeanza, gari la mbolea linataka kuondoka.

“Shikamoo babu,” Yasinta akamwambia. “Kwenye orodha humo.”

“Marahaba. Umeniua hata sijapanda mahindi?”

Kafutwa yeye, wamefutwa akina Hironimus wote, Justa. Kasoro mmoja.

Eti mashine ikimtoa mtu, wa nyuma yake anasogea kwenye nafasi ile, nayo mashine imeshapiga hatua mbele, inamruka bila kumfuta. Na nyuma ya babu alijiandikisha nani? Marehemu.

Mwenyekiti wa chama kanuna. Babu akaketi juu ya mfuko wa mbolea, hashuki. Yasinta akamwandika upya.

Ndipo babu akainuka, akajitwika mfuko wake.

“Na marehemu wenu,” akamuuliza mwenyekiti, “wa kwake anaufuata saa ngapi?”